Bunduki Iliyosuguliwa Upande Mmoja

Asubuhi moja ya Februari nilitoka nyumbani kwa binamu yangu, katika mji wa Eagan, Minnesota, bila kujua ninakokwenda. Nilikuwa nimegombana na mkewe kwa sababu ya kikaango, na ukishagombania kikaango katika nyumba ya watu, huna tena pa kukaa. Nilipanda basi la kwanza lililosimama. Lilipofika mwisho wa njia nikapanda jingine. Nilishuka Saint Louis Park, mji ulio jirani na Minneapolis, kwa sababu moja tu: vidole vyangu vya miguu vilikuwa vimeacha kuuma, na binamu alikwisha kunionya kwamba kwa baridi ya huku kidole kikiuma ushukuru, kikiacha kuuma ukimbie ndani. Nikakimbilia mlango uliokuwa karibu. Lilikuwa duka la bunduki za zamani.

Ninyi vijana mlionishika mkono baada ya mkutano wa jumuiya mkasema, "Mzee, tuandikie kuhusu kazi yako," nadhani mlitaka kitu cha kuchekesha. Vichekesho vipo. Lakini mimi ni mzee mwenye hasira, na hasira yangu na ujuzi wangu nilivipata katika duka hilohilo, kwa mtu huyohuyo. Siwezi kuwapa kimoja nikaficha kingine.

Kwanza mzijue bunduki zenyewe. Ni zile ambazo chini yake, karibu na kifyatulio, zina wenzo wa chuma wenye tundu la kuingiza vidole. Unausukuma mbele, ganda tupu linaruka nje. Unaurudisha, risasi mpya inaingia. Mmeziona kwenye sinema za wachunga ng'ombe. Zilizotengenezwa enzi za mababu wa mababu wa watu wa huku hutafutwa sana na wakusanyaji, watu ambao hawataki kumpiga nazo hata panya. Wanataka kuwa nazo tu. Kazi yangu ilikuwa kusema kila moja ina thamani gani: miaka kumi na mmoja Saint Louis Park, na mingine saba mahali nitakapowaambia.

Siku ile ya vidole, juu ya kaunta palikuwa na bunduki mbili. Moja inang'aa kama imetoka kiwandani jana. Ya pili ina rangi ya kahawia, imekwaruzika, mbao yake nyeusi kwa jasho la mikono ya watu. Vibandiko vya bei nilivisoma mara mbili. Ile chafu ilikuwa ghali mara sita.

"Hizi bei zimebadilishana?" nikauliza.

Nyuma ya kaunta alikuwa mzee mrefu, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Ndiye mwenye duka, jina lake Halvor. Hakuinua kichwa. "Umeona nini kingine?" akasema.

Niliishia darasa la sita. Nilikwisha kutengeneza baiskeli Dodoma, kuuza vitabu vya mtumba Nairobi, kuosha maiti Lusaka. Kila mahali nilikaa mpaka maswali yangu yakaisha, kisha nikaondoka. Na kila mahali nilipouliza swali niliambiwa nifanye kazi. Huyu alinirudishia swali. Nikamwambia naona skrubu za ile inayong'aa zina midomo iliyochakaa, kama bisibisi isiyolingana imezihangaisha. Akashusha miwani. Jioni nilikuwa nafagia duka lake kwa mshahara.

Basi sikilizeni, hii ndiyo shule yenyewe. Mtu akikuletea bunduki, usitazame bunduki nzima, maana nzima itakutongoza. Anza na skrubu. Skrubu ambayo haijaguswa ina ufa mwembamba, kingo zake kali. Ukiona ufa umepanuka, jua mtu aliingia humo, na uliza alienda kufanya nini. Kisha pitisha ukucha pale mbao inapokutana na chuma. Kiwandani waliiacha mbao isimame juu ya chuma kidogo sana, unene wa karatasi mbili tatu. Mbao ikiwa imelala sawa na chuma, au chini yake, imepigwa msasa. Kisha soma maandishi yaliyogongwa kwenye mtutu. Herufi za asili zina kingo unazozihisi kwa kidole. Aliyeung'arisha mtutu ameziyeyusha, na hata aupake rangi mpya nzuri vipi, herufi zitabaki kama zimeandikwa kwenye sabuni.

Mwisho kabisa ndipo usikilize hadithi. Kila bunduki ya jimbo hili ina hadithi. Babu alimwua dubu aliyeingia jikoni. Jambazi fulani aliisahau katika zizi la shangazi. Nilihesabu majambazi waliosahau bunduki zao Minnesota nikajiuliza walikuwa wakiiba kwa kutumia nini. Mwenye hadithi mwulize karatasi. Bunduki ina namba, na daftari za kiwanda zilizohifadhiwa zitakuambia namba hiyo ilitoka na mtutu wa aina gani, kifyatulio cha aina gani, lini. Kilichomo daftarini kina bei. Kilichomo mdomoni mwa mjomba hakina.

Na ninyi wa simu. Mnapiga picha, mnaweka mtandaoni, mnaletewa bei na mtu ambaye hajawahi kushika chuma baridi, halafu mnaniambia, "Mzee, internet imesema." Internet imepitisha ukucha kwenye mbao?

Nitawaambia kosa langu la kwanza ili msidhani nilizaliwa najua. Mwezi wangu wa pili dukani, Halvor alitoka kwenda kula. Juu ya meza aliacha bunduki fupi iliyofunikwa na ile kutu laini ya kahawia, kutu iliyotulia, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ngozi ya chuma. Nikaona nimfurahishe. Nilichukua stilwaya ya kusugulia masufuria nikasugua mpaka chuma kikawa cheupe. Mimi nimelelewa na mama ambaye sufuria yenye weusi kwenye kitako haikuingia mbele ya mgeni. Halvor aliporudi alisimama mlangoni na koti lake. Hakupiga kelele. Alisema, "Umekula miaka mia moja kwa muda niliokula sandwichi." Kisha akanifundisha, kwa miezi, kwa nini uzee wa chuma ndio bei yake. Nilimpenda kwa hilo. Niliwahi kudhani mtu anayeweza kunyamaza namna ile hawezi kudhulumu. Huo ndio ujinga ambao hakuna daftari litakalokuonyesha.

Sasa Wairimu.

Alikuja mwaka wangu wa kumi na mmoja dukani, siku ya theluji, na kitu kirefu kilichofungwa kwenye blanketi la mtoto. Mkenya, nesi, anaishi Apple Valley. Alikuwa amevaa sare za kazi chini ya koti. Mumewe, Roy, Mmarekani aliyefanya kazi ya reli, alikuwa amefariki Oktoba. Watoto wa Roy wa ndoa ya kwanza walichukua boti, gari, na vifaa vyote vya gereji. Kwenye hii bunduki Roy mwenyewe alikuwa amefunga kipande cha boksi kilichoandikwa kwa mkono kwamba ni ya Wairimu, kwa hiyo waliiacha.

Halvor alifungua blanketi. Upande wa kushoto wa bunduki ulikuwa unang'aa kama kijiko.

"Niliiosha," Wairimu akasema. "Vitu zake zote niliziosha. Nguo, viatu, hata miwani. Kwetu huwezi peleka kitu ya marehemu kwa watu ikiwa chafu hivyo. Nilianza na hii side, steel wool na ndimu. Hiyo ingine mkono ilichoka."

Aliposikia natamka neno moja la Kiswahili uso wake ulifunguka. "Wewe ni wa Tanzania, eh? Nasikia hiyo Kiswahili yenu ya kusoma habari."

"Na wewe nasikia Kiswahili chenu cha kukimbizwa," nikamwambia. Akacheka. Nadhani hakuwa amecheka tangu Oktoba.

Akatueleza anachotaka. Roy alikuwa amelala bila jiwe. Watoto walisema watanunua, wakanyamaza. Makaburi yale yana mawe ya kusimama ya watu wa ukoo wa Roy, safu nzima, na mwishoni kuna kijiti cha plastiki chenye jina la mumewe. Anataka jiwe la kusimama. "Mimi ndiye Mwafrika hapo," akasema. "Watasema huyo mama alimzika kama paka."

Halvor aligeuza bunduki chini ya taa kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza nikitazama anachotazama. Niliona mtutu wa pembe nane unaogeuka kuwa mviringo katikati, kazi ya kuagiza maalumu. Niliona hifadhi ya risasi chini ya mtutu imekatwa nusu, nayo ya kuagiza. Niliona kifyatulio cha aina ambayo katika miaka kumi na mmoja nilikuwa nimeishika mara mbili. Upande wa kulia, ule ambao mkono ulichoka, rangi ya kiwandani ilikuwa bado inapumua chini ya kahawia, na herufi zilikuwa kali. Wairimu alikuwa amekula nusu ya thamani. Nusu iliyobaki ilitosha jiwe la kusimama na la jirani yake.

Halvor akapandisha miwani. Akasema kwa Kiingereza, kwa upole wa daktari, kwamba ni masikitiko, kwamba kusugua kumeimaliza, kwamba kwa heshima ya marehemu anaweza kumpa dola mia nne. Kisha akasema, "Zungumzeni ninyi wawili. Naenda kuweka kahawa." Akaingia nyuma.

Vijana, muisome tena hiyo sentensi. Wairimu alijua Kiingereza kuliko mimi, alikuwa anakitumia kuwaandikia wagonjwa dawa walizomeza. Hakuhitaji mkalimani. Halvor hakuniachia lugha. Aliniachia imani ya yule mama.

Wairimu akaniinamia. Akasema polepole, "Ndugu yangu. Ni ukweli?"

Nikasema, "Ni kweli, dada. Imeharibika."

Msiniulize kwa nini. Mimi mwenyewe nimejiuliza na majibu yote niliyopata ni ya kunipendeza mimi. Nilijiambia labda Halvor ameona kitu nisichokiona. Nilijiambia yeye ndiye mwalimu. Ukweli ni kwamba nilijua, na mdomo wangu ulikuwa umekwisha kuzoea kumalizia sentensi zake. Wairimu alisaini, akachukua hundi, akakunja blanketi la mtoto akaondoka nalo.

Mlango haujatulia, Halvor alitoka nyuma bila kahawa. Akampigia simu mkusanyaji mmoja, nikamsikia anasema, "Upande mmoja tu, upande mmoja tu, njoo Jumamosi uone." Alikuwa anacheka. Akanipiga begani. Bega lile nililiosha usiku huo kama lina kinyesi.

Asubuhi sikwenda kazini. Anwani na simu ya Wairimu nilikuwa nimezisoma kwenye hati aliyosaini. Nilipanda mabasi mpaka yalipoacha kwenda, kisha nikatembea, kwa sababu huko kusini ya mto mitaa imejengwa kwa watu wenye magari, na theluji ya kando ya barabara ilikuwa inanifika magotini. Nilimkuta Wairimu anajiandaa kwenda zamu. Binti yake alifungua mlango, nikamsalimu kwa Kiswahili, akamwita mama yake kwa Kiingereza, akasema kuna mzee analia. Sikuwa nalia. Ilikuwa theluji kwenye nyusi.

Nikamwambia mama yake palepale mlangoni. Nilimwambia nilichoona juu ya meza, kitu kimoja kimoja. Nilimwambia nilikijua wakati aliponiuliza.

Hakunikaribisha ndani. Alisimama ameshika mlango. "Yule mzungu nilimshuku," akasema. "Aliniambia mia nne nikajua huyu ananicheza. Ndiyo nikakuuliza wewe. Unasikia? Nilikuuliza wewe."

"Nasikia, dada."

"Usiniite dada."

Nilikaa kwenye ngazi yake, kwenye baridi, nikaandika makadirio. Hiyo ndiyo karatasi bora niliyowahi kuandika. Niliandika namba ya bunduki niliyoikariri dukani, mtutu, hifadhi ya risasi, kifyatulio, upande uliosuguliwa na upande uliobaki, kwamba waulizwe wenye daftari za kiwanda kabla haijauzwa, na bei ya chini ambayo mtu mwaminifu hawezi kushuka chini yake. Nikasaini jina langu lote. Wairimu aliisoma akiwa amesimama. Hundi alikuwa nayo kwenye mkoba, hajaipeleka benki. Akasema, "Ingia kwa gari. Nyuma."

Dukani Halvor alitutazama akaelewa kabla hatujafunga mlango.

"Alisaini," akasema.

"Alisaini nilichomwambia mimi," nikasema.

"Basi mwongo ni wewe, si mimi. Mimi nilitaja bei. Mtu yeyote anaweza kutaja bei."

Hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo, kwamba alikuwa na haki kiasi. Nilifungua mdomo nimtukane, Wairimu akanizuia kwa mkono kama anavyozuia mgonjwa asishuke kitandani.

"Msigawane uongo mbele yangu," akasema, kwa Kiingereza ili wote tupate. "Kila mtu abebe wake. Hundi yako hii hapa. Nataka bunduki ya mume wangu."

Halvor akasema sheria ni sheria. Nikamwambia sheria iko upande wake, na Jumamosi mimi nitakuwa kwenye njia ya miguu mbele ya mlango wake na nakala ya karatasi ile, na nitamsomea mkusanyaji wake jinsi bunduki ilivyopatikana. Kisha kila Jumamosi nyingine. Wakusanyaji ni watu wa kusengenyana. Wananunua kwa mtu wanayemwamini na wakiacha kumwamini wanaambiana. Halvor alilijua hilo kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha.

Alikwenda nyuma akarudi nayo. Aliiweka juu ya kaunta polepole, hakuitupa, hata wakati ule. "Nilikufundisha kila kitu," akasema.

"Ndiyo. Ndiyo maana nilijua."

"Chukua bisibisi zako utoke."

Wairimu aliiuza mwezi uliofuata, kwa mkusanyaji yuleyule, bila dalali, karatasi yangu na jibu la daftari mkononi. Jiwe liliwekwa ardhi ilipoyeyuka. La kusimama, lenye jina la Roy upande mmoja na nafasi ya jina lake Wairimu upande wa pili. Nilisikia kwa watu. Sikualikwa, na sikustahili.

Mimi nilizunguka maduka yote ya Minneapolis na Saint Paul. Kila nilipofika, habari ilikuwa imenitangulia: huyu ndiye aliyemgeuka bosi wake kauntani. Mmoja aliniambia wazi kwamba ujuzi wangu anauhitaji, ila anahitaji mtu "wa upande wa duka". Na hapa ndipo hasira yangu inapowahusu ninyi. Nimewaona. Mnauza magari, mnauza bima, mnajaza fomu za mikopo ya nyumba, na bosi anawaambia mna kipaji na watu wenu. Mteja wenu akiingia, bosi anakwenda kuweka kahawa. Siku hiyo usitazame anakokwenda bosi. Tazama anayekuinamia. Atakuuliza kwa lugha ya nyumbani swali fupi sana, na utakuwa na muda mfupi sana.

Msiwe wathamini wanaonunua, wala wathamini wa mtu anayenunua. Anayesema bei asiitamani bidhaa. Hiyo ndiyo kazi yote, ukucha na skrubu ni mapambo yake.

Mwezi wa nne nilipanda basi la kwenda Duluth, mahali pa ile miaka saba niliyowatajia, kwa sababu sikuwahi kufika na ziwa lake niliambiwa huwezi kuona ng'ambo. Nilishuka mchana, upepo unapiga, begani nina mfuko wa nguo na mfuko wa bisibisi. Nilipanda kilima mpaka nikaona kibao cha chumba cha kupanga kwenye dirisha la nyumba ya mbao. Alifungua bibi mmoja mfupi, sweta limepakwa unga, akanionyesha chumba cha juu: kitanda, meza, dirisha linalotazama maji. Nikasema nakitaka.

"Nani anaweza kukusemea?" akaniuliza. "Sipangishi mtu asiye na wa kumsemea."

Binamu alikuwa hapokei simu zangu tangu kikaango. Kumtaja Halvor kungekuwa wazimu. Nilisimama kwenye korido nikifikiri, mwisho nikampa namba pekee nyingine niliyokuwa nayo kichwani, nikamwambia ni ya nesi wa Apple Valley, na kwamba huenda asiseme mazuri.

Alipiga palepale, mbele yangu. Akasikiliza kwa muda mrefu. Alisema "ndiyo" mara moja na "theluji?" mara moja. Kisha akakata simu akanitazama toka viatu mpaka kichwa.

"Anasema wewe ni mwongo," akasema.

Nikaokota mifuko yangu.

"Halafu anasema ulitembea kwenye theluji mpaka mlangoni kwake kumwambia hivyo. Waongo niliowahi kuwapangisha hakuna aliyetembea hata mpaka ngazini." Akatoa ufunguo kwenye mfuko wa aproni. "Wiki moja, tuone. Bafu liko mwisho wa korido, maji ya moto yanachelewa."